Kukosa Bahari Si Kisingizio

Hapa Malakia, ukitaja uvuvi haramu mbele ya watu waliokaa kwa mama chai, jibu utakalopewa halibadiliki: hayo ni mambo ya Mombasa na Dar es Salaam, ya wenye bahari na meli, sisi wa Juba tuna mto wetu, tuna mafuta yetu, na tuna shida zetu zinazotutosha. Jibu hilo nimelisikia kwa wenye maduka, kwa vijana waliosoma Kampala na Nairobi, na kwa watumishi wa serikali ambao kazi yao ingewataka waone mbali zaidi. Linasikika kuwa la busara. Hata ramani inaliunga mkono, kwani kutoka hapa hadi maji ya chumvi ya Mombasa ni safari ya lori ya zaidi ya kilomita 1,500.

Nasema jibu hilo si sahihi, na kila anayelirudia anaisababishia nchi hii hasara.

Kosa lake linaanzia hapa: linachukulia kwamba uvuvi haramu hutokea majini, basi unamhusu mwenye maji. Lakini samaki wa wizi akiwa bado baharini hana faida kwa aliyemwiba. Pesa hupatikana akishushwa, akipimwa, akipakiwa, akipewa karatasi, akivuka mpaka na kufika kwa mnunuzi. Mlolongo huo wote uko nchi kavu, na nchi kavu ndipo tulipo.

Fikra hii ndiyo iliyozaa mkataba ambao nchi wanachama wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, waliupitisha tarehe 22 Novemba 2009, kuhusu hatua za nchi yenye bandari dhidi ya uvuvi haramu. Ulianza kutumika tarehe 5 Juni 2016. Unavyofanya kazi si vigumu kueleza. Meli ya kigeni yenye samaki haijiingilii tu bandarini. Huomba ruhusa kabla, ikataja jina lake, bendera yake, leseni zake, ilivua wapi na imebeba nini. Bandari ikiwa na ushahidi wa kutosha kwamba meli hiyo imevua kinyume cha sheria, huikatalia kuingia, au huiruhusu iingie kwa ajili ya ukaguzi tu. Ikishathibitika, haishushi samaki, haihamishii shehena kwenye meli nyingine, haiuziwi mafuta wala haipati fundi, isipokuwa pale maisha ya mabaharia yanapokuwa hatarini. Kisha matokeo ya ukaguzi hutumwa kwa nchi ya bendera, kwa nchi zinazohusika na kwa mashirika ya uvuvi ya kanda. Hilo la mwisho, la kupashana habari, ndilo lenye uzito kuliko yote.

Majirani zetu hawakulala. Msumbiji iliingia katika mkataba huo mwaka 2014, Somalia 2015, Kenya na Madagaska 2017. Hata kabla ya hapo, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, ilikwishapitisha azimio lake la hatua za bandari mwaka 2010. Na kabla ya hilo pia, Julai 2008, mawaziri wa nchi za SADC walikutana Windhoek wakaahidiana kufungia uvuvi haramu milango yao. Somalia, nchi ambayo wengi wetu tumezoea kuitolea mfano wa serikali dhaifu, ilijiunga miaka miwili kabla ya Kenya.

Sasa wapo wanaokubali kwamba tatizo hili ni la kanda nzima, ila wanadai dawa yake ni doria. Nunueni meli za kivita, pelekeni wanajeshi ziwani, chomeni nyavu. Hoja hii ina wafuasi wengi kwa sababu doria inaonekana, inapigwa picha. Tuangalie basi inavyofanya kazi.

Machi 2009, meli ya doria ya Afrika Kusini iitwayo Sarah Baartman, ikishirikiana na maofisa wa kanda hii, iliikamata Tawariq 1 katika maji ya Tanzania ikiwa na jodari karibu tani 300. Waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli, na Watanzania mpaka leo wanawakumbuka samaki wale kwa jina lake: samaki wa Magufuli. Ilikuwa ushindi uliosherehekewa, na ulistahili kusherehekewa. Lakini kesi ilikwenda kwa miaka. Mwaka 2012 nahodha na wakala wa meli walitiwa hatiani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu, na Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta kesi. Meli yenyewe ikachakaa bandarini Dar es Salaam. Na tukumbuke kwamba chombo kilichoikamata hakikuwa cha Tanzania. Eneo la bahari ambalo Tanzania inatakiwa kulilinda ni kama kilomita za mraba 223,000. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye vyombo, mafuta na mabaharia wa kulizunguka eneo kama hilo usiku na mchana.

Bandari, kwa upande mwingine, zinahesabika. Jodari wa sehemu hii ya Bahari ya Hindi hushushwa zaidi Port Victoria, Port Louis na Antsiranana. Ongeza Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar na Maputo, na umekwishataja milango mingi inayofaa kwa meli kubwa. Meli inaweza kujificha baharini kwa miezi, lakini siku moja itahitaji dizeli.

Anayetilia shaka asome habari za STS-50. Meli hii, iliyowahi kuitwa Andrey Dolgov, ilikuwa ikiiba samaki wa thamani kubwa katika bahari baridi za kusini na kubadilisha majina na bendera kila ilipobanwa. Mapema mwaka 2018 ilikwenda Madagaska. Karatasi zake zikatiliwa shaka na habari zikapelekwa kwa wengine. Ilipoingia Maputo, maofisa wa Msumbiji walizichukua nyaraka zake na pasi za mabaharia. Ikatoroka. Lakini sasa ilikuwa meli isiyo na karatasi, isiyo na bandari ya kukimbilia, inayofuatwa na chombo cha shirika la uhifadhi la Sea Shepherd kilichokuwa na maofisa wa Tanzania ndani yake. Aprili 2018 jeshi la majini la Indonesia likaikamata. Hakuna nchi moja kati ya hizo ambayo ingeweza kuimaliza kazi hiyo peke yake. Iliyofanikisha ni habari iliyotangulia mbele ya meli, kutoka bandari hadi bandari.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa nchi za FISH-i Africa, umoja ulioanzishwa mwaka 2012 na nchi za pwani ya magharibi ya Bahari ya Hindi, zikiwemo Kenya, Tanzania, Msumbiji na Ushelisheli. Moja ya kesi zao za mwanzo ilihusu meli iitwayo Premier, yenye wamiliki wa Korea Kusini, iliyokuwa ikidaiwa na Liberia kwa kuvua kinyume cha sheria kwenye maji yake huko Afrika Magharibi. Meli hiyo ilihamia huku kwetu ikidhani hakuna anayeijua. Nchi za umoja huo zikapeana habari na kuinyima leseni, mpaka mwenyewe akarudi mezani kulipana na Liberia. Zingatieni umbali uliopo kati ya Monrovia na Mombasa. Kama Kenya ingesema, “Samaki wa Liberia wanatuhusu nini?”, Liberia isingelipwa.

Hilo ndilo swali letu la hapa Malakia, neno kwa neno. Samaki wa Liberia wanatuhusu nini, wa Somalia wanatuhusu nini, wa Ziwa Viktoria wanatuhusu nini?

Nianze na walio karibu zaidi. Nenda Konyokonyo asubuhi, upande wanakouza samaki wakavu. Magunia yakifunguliwa utaona samaki waliopasuliwa mgongoni, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, wamebanwa kama mbao. Mle ndani wamo sangara, wamo kambare, wamo sato, na kando kuna dagaa kwa debe. Chukua sangara mmoja umlaze kwenye mkono wako, mkia kiwikoni. Mara nyingi hafiki dhiraa. Kukaushwa kunampunguza, nakubali, na mwingine amekatwa kichwa. Lakini dhiraa moja ni karibu sentimita 45, na kipimo ambacho Kenya, Uganda na Tanzania walikubaliana kwa sangara wa Ziwa Viktoria ni sentimita 50 kwa uchache na 85 kwa wingi. Aliye chini ya 50 mara nyingi hajazaa. Aliye juu ya 85 ndiye mzazi mkubwa anayeachwa ili azae zaidi.

Muulize muuzaji samaki huyu ametoka wapi. Atakuambia Terekeka, au Bor, au Uganda, na inawezekana anasema kweli kama anavyojua yeye. Hakuna karatasi itakayokuthibitishia. Hakuna aliyempima mpakani. Huyo samaki anaweza kuwa ametoka halali kwenye kinamasi cha Sudd kwa mvuvi wetu aliyefuata kila kanuni, na anaweza kuwa mtoto wa sangara aliyevuliwa kwa kokoro usiku Ziwa Viktoria. Mezani kwa mama wa Konyokonyo wote wana bei moja, na hapo ndipo mvuvi wetu halali anapoumia.

Biashara hiyo ina sababu zake. Viwanda vya Jinja, Kisumu na Mwanza vinavyouza minofu Ulaya vinakaguliwa, kwa hiyo samaki mdogo anapata shida kupita huko. Akikataliwa kiwandani hatupwi. Anatiwa chumvi, anapandishwa lori, anapelekwa kwenye soko lisilouliza: mashariki mwa Kongo, na huku kwetu. Wanaoandika habari za uvuvi wa Ziwa Viktoria wamelijua hili kwa miaka mingi. Sisi ndio tunaojifanya hatulijui. Tunaposema hatuna bahari, anayetusikia kwa furaha ni yule tajiri wa mwaloni mwenye magunia ya samaki wachanga ambaye anajua kuna mlango mmoja haujawahi kufungwa.

Mlango huo una jina: Nimule kwa upande wetu, Elegu kwa upande wa Uganda. Barabara ya lami kutoka Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilizinduliwa mwaka 2012, na tangu hapo ndiyo inayotuletea mjini unga, saruji, nyanya na samaki. Nimule ni bandari. Haina gati wala winchi, lakini shehena inaingia hapo kutoka nchi nyingine, inakaguliwa, inatozwa ushuru na kupewa ruhusa ya kuendelea. Kila kitu ambacho mkataba wa FAO unakitaka kwa meli kinaweza kufanywa kwa lori: kutoa taarifa mapema, kuonyesha hati, kukaguliwa, kukataliwa, kisha jirani kuarifiwa. Na bandari yetu ya mto hapa Juba, ambako mashua hufika kutoka Bor na kwingineko huko chini, nayo ni bandari kwa maana hiyohiyo.

Kwamba soko likifunga mlango mvuvi husikia, hilo lilikwishathibitika kwenye ziwa hilihili. Mwaka 1999, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu nchini Uganda, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria. Ulikuwa mwaka mgumu. Viwanda vilisimama na watu wakakosa kazi. Lakini kabla ya mwaka 2000 kwisha mialo ilikuwa inasafishwa, inasajiliwa, inawekewa wakaguzi. Doria ambazo serikali zilikuwa zikiziahidi kwa miaka hazikuwahi kuleta badiliko la kasi hiyo. Lililoleta badiliko ni mnunuzi kusema: sipokei. Mnunuzi yule alikuwa mbali sana na ziwa kuliko sisi, na baadhi ya nchi zake hazina bahari wala ziwa la maana.

Hapo niwajibu wale wanaosema mkataba wa bandari si wa nchi zilizozungukwa na nchi kavu. Umoja wa Ulaya uliingia katika mkataba huo kwa niaba ya wanachama wake. Maana yake Austria, Hungary, Slovakia na Jamhuri ya Cheki, ambazo hazina hata hatua moja ya ufuo wa bahari, zimo ndani. Tangu Januari 2010 samaki wa baharini hawaingii Vienna kutoka nje ya Ulaya bila hati ya kuonyesha nani aliwavua na wapi. Vienna haikungoja ipate bahari. Na tujue pia kwamba sheria ya bahari inairuhusu nchi isiyo na bahari kusajili meli na kuzipa bendera yake. Mongolia ilifanya hivyo, na meli zilizokuwa zikiiba samaki wa bahari za kusini zimewahi kupeperusha bendera yake. Nchi changa yenye uhitaji wa fedha ikikaa bila sheria, mawakala wa bendera watabisha hodi. Afadhali watukute tumekwishajiandaa.

Kuna hoja nyingine inayopendwa na watu wa biashara: ukibana bandari yako, meli na malori yatakwenda kwa jirani, na jirani ndiye atakayekula ushuru. Naikubali nusu yake. Ni kweli yatakwenda kwa jirani. Tuliona kwa Greko 1 na Greko 2, meli zilizokuwa na bendera ya Belize, ambazo zilivua ndani ya ukanda wa maili 24 wa Somalia uliotengewa wavuvi wadogo wa Kisomali, kisha zikaenda kushusha samaki Mombasa. Somalia haikuwa na uwezo wa kuzikamata. Mombasa ilikuwa bandari ya jirani, na kwa muda jirani hakuuliza. Lakini Somalia ilipoomba msaada, Kenya ikapanda kwenye meli zile na kuzikagua, pakawa hapana pa kukimbilia tena. Kwa hiyo hoja hii ikifikishwa mwisho wake inadai ushirikiano, haidai uzembe. Mwenye hofu kwamba jirani atalegeza hana budi kufunga makubaliano na jirani huyo.

Na makubaliano yenyewe hayahitaji kubuniwa upya. Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria, LVFO, ilianzishwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa mkataba wa mwaka 1994, na makao yake yako Jinja. Mwaka 2016 mkataba huo ulirekebishwa ili uhusu maji yote ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila nchi mwanachama ikafunguliwa mlango. Ni mwaka huohuo wa 2016 Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya. Mkataba wa Jumuiya wenyewe, katika Ibara ya 114, unazitaka nchi wanachama zishirikiane kusimamia rasilimali, uvuvi ukiwemo. Tunaposhangilia kuwa wana Afrika Mashariki tunashangilia masoko na paspoti. Wajibu nao umo kwenye karatasi ileile tuliyotia saini.

Angalieni pia jinsi kanda inavyoshughulikia ushuru. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, maofisa wa kodi wa Uganda na Rwanda wanakaa Mombasa na kukadiria mizigo ya nchi zao kabla haijaondoka gatini. Hakuna aliyesema Rwanda haina bahari, basi maofisa wake wanafanya nini bandarini. Fedha ilipohusika, kila mtu alielewa mara moja kwamba bandari ya kwanza ni bandari ya wote. Makopo ya jodari tunayonunua madukani hapa Malakia nayo hutoka baharini kwa watu wengine, tena bila mtu wa Juba kuuliza aliyevua alikuwa na leseni ya nani. Uchungu tunaouonyesha kwa ushuru tuuonyeshe na kwa samaki.

Nimeiacha hoja nzito zaidi makusudi, maana ni ya kweli na inaniuma. Wanasema: ukaguzi utamwangukia mama wa Konyokonyo. Askari watapata kisingizio kipya cha kumtoza. Wanaosema hivyo wanaijua nchi yao. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi za IPIS na DIIS walihesabu vizuizi zaidi ya 300 kwenye barabara na mito ya Sudan Kusini. Anayeleta samaki kwa mashua kutoka Bor anatoa pesa hapa, anatoa samaki pale, mara kwa mwenye sare, mara kwa asiye na sare, na hakuna risiti. Mzigo ukifika Juba umekwishaliwa nusu ya faida njiani. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba unaleta ukaguzi, ana haki ya kukutazama kwa wasiwasi.

Lakini hebu tuulize vizuizi hivyo vimezuia nini. Havijawahi kumzuia samaki mchanga hata mmoja, kwa sababu havipimi kitu; vinakusanya tu. Mwenye pesa anapita na shehena yoyote, asiye nazo anakwama na samaki halali wanaooza juani. Nchi isiyo na ukaguzi wa haki haikubaki bila ukaguzi. Imebaki na ukaguzi wa kila mwenye bunduki. Ninachokidai ni kinyume cha kizuizi: sehemu chache zilizotangazwa rasmi, Nimule, bandari ya Juba, Terekeka na Bor, ambako samaki wa biashara anapimwa mara moja na kupewa hati, na hati hiyo ikionyeshwa njiani hakuna askari mwenye mamlaka ya kufungua gunia wala kudai pesa. Mwanamke wa Terekeka akiwa na hati hiyo mkononi atakuwa na kitu ambacho hajawahi kuwa nacho: haki ya kukataa kutoa hongo.

Na mwenye kapu asiguswe. Hata mkataba wa FAO umeziacha nje mashua za wavuvi wadogo wa nchi jirani wanaovua kwa ajili ya kujikimu, mradi nchi mbili hizo zishirikiane kuhakikisha kwamba hazifanyi uvuvi haramu. Sheria yetu iige hapo. Anayevuka Nimule na beseni la dagaa kichwani si adui wa ziwa. Tunamtafuta mwenye lori.

Wengine watasema afisa wa Nimule atahongwa. Anaweza. Ndiyo maana nimeshikilia habari kuliko afisa. Hati ya mzigo ikitolewa Elegu, nakala yake ikafika Juba na Jinja saa ileile, afisa mmoja akihongwa hatoshi. Itabidi wahongwe watu katika nchi mbili na taasisi ya kanda, na hesabu zao zilingane. Mwenye lori anaweza kununua mtu mmoja kila wiki. Watatu walio mbali na wasiojuana ni kazi nyingine.

Kuna jambo moja wapinzani wa hoja hii hawalitaji kabisa, nalo ni maji yetu wenyewe. Sudd ni mojawapo ya maeneo oevu makubwa zaidi barani Afrika. Mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya dunia ikiwa na kilomita za mraba kama 57,000. Samaki wake hawatulishi sisi peke yetu. Wakavu kutoka Terekeka na Bor huvuka kwenda Uganda hadi Kongo. Siku Ziwa Viktoria litakapochoka, na wavuvi wake wamekuwa wakilalamika kupungua kwa samaki kwa miaka mingi, wale wenye mitaji watatazama wapi? Watakuja huku, na nyavu zao za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki zilizopigwa marufuku Kenya, Uganda na Tanzania. Zitapita Nimule. Tukiwa tumezoea kusema uvuvi haramu ni wa wenye bahari, hatutakuwa na sheria ya kuwazuia, wala hati ya kuwatofautisha na wavuvi wetu, wala jirani anayetuamini kiasi cha kutuonya mapema kwamba wanakuja. Liberia ilipolilia samaki wake ilisikika kwa sababu palikuwa na watu wa kusikia upande wa pili. Sisi tutamlilia nani, ikiwa kilio cha Ziwa Viktoria tulikijibu kwa kusema hakituhusu?

Nawageukia wenye mamlaka. Wizara inayosimamia uvuvi iuombe uanachama kamili na hai wa LVFO, ipeleke watu Jinja, iwape kazi ya kweli. Bunge letu liletewe mkataba wa FAO wa hatua za bandari tujiunge, kwani una ibara nzima ya kuzisaidia nchi zinazoendelea kwa mafunzo na fedha, na hatuna sababu ya kuuacha msaada huo upite pembeni. Kipimo cha sangara cha sentimita 50 hadi 85 kitangazwe kuwa sharti la kila mzigo wa sangara wa Ziwa Viktoria unaoingia Nimule, na nyavu za timba zizuiwe hapohapo. Maofisa wa Elegu na Nimule wapewe fomu moja na orodha moja ya waliokwishakamatwa, ili anayekataliwa upande mmoja asipokelewe upande wa pili. Haya yote yanaweza kuanza bila kungoja fedha za mafuta wala meli ya doria.

Nanyi mnaokaa nami hapa Malakia, mnaonunua samaki Konyokonyo kila wiki: muulizeni muuzaji wapi ametoka, na muulizeni mbunge wenu kwa nini muuzaji hana karatasi ya kuwajibu.